Fundi Saa na Sababu ya Kurudi

Fundi Dakika alikuwa na maneno aliyopenda kuwapakulia wateja wake hata kama hawakuyaagiza: tangu avae saa ya kwanza mkononi, hajawahi kuchelewa mahali. Harusini alifika kabla ya bibi harusi, msibani kabla ya maturubai. Hata kuzaliwa, alidai, alizaliwa siku ileile aliyoitaja mkunga. Mama yake hayupo tena duniani kulikanusha hilo, na yeye alilijua vizuri.

Basi ubalozi ulipompa miadi ya mahojiano ya viza, Jumanne saa tatu kamili asubuhi, alicheka. Wangempa hata alfajiri, alisema, wangemkuta mlangoni anawasubiri wao.

Safari yenyewe haikuwa ya biashara wala ya matibabu. Kwa miaka thelathini na minane, juu ya meza yake ya kazi, palikuwa pamebandikwa picha iliyokatwa kwenye kalenda: mnara wa saa katika mji mdogo wa Ulaya. Alipewa na mwalimu aliyemfundisha ufundi, naye akamsimulia kwamba adhuhuri ikifika askari wanne wa bati hutoka kwenye kijilango, kila mmoja hugonga kengele, kisha hurudi ndani. Ila yule wa tatu huchelewa. Anachelewa miaka zaidi ya mia sasa, na mafundi wa huko wameshindwa kumrekebisha, au wameshamzoea. Mwalimu alifariki bila kumwona. Fundi Dakika naye macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na daktari hakumficha: ukungu huo hauondoki, unaongezeka tu. Akaamua kwamba kabla dunia haijawa uji mtupu, ataenda kumwona yule askari mzembe. Watoto wake watatu, kila mmoja na mji wake, wakasema nauli waachiwe wao.

Tatizo lilianzia kwa mteja mmoja aliyewahi kusafiri. Alimweleza fundi kwamba mtu akifika Ulaya mwili huchanganyikiwa, usingizi unakuja wakati wa chakula na njaa inakuja wakati wa kulala. Fundi Dakika akaona aibu ya mapema. Fundi saa mzima, mwili wake ushindwe na saa? Wiki mbili kabla ya mahojiano akarudisha nyuma saa ya mkononi na ile ya chumbani, kwa muda wa saa moja, aanze kuishi kwa majira ya huko angali huku. Saa za wateja hakuzigusa. Alikuwa akiongeza ile saa moja kichwani kila anapotoka kwenda kazini, na mambo yakaenda. Mkewe alimwacha afanye apendavyo. Mtu aliyeishi na fundi huyu miaka arobaini hashangai ovyo.

Jumanne hiyo furaha ilimjaa kichwani hadi ile saa moja ikakosa pa kukaa. Alikunywa chai kwa utulivu, akaongeza kikombe cha pili. Mkewe alikuwa ameshavaa, bahasha ya vyeti ipo mapajani, akauliza mara mbili kama muda haujafika. Mara zote mbili fundi alimwonyesha mkono: bado. Simu zilikuwapo, lakini kuangalia saa kwenye simu ndani ya nyumba ile kulikuwa kosa kubwa kuliko kuingia na viatu vya tope. Na nani angebishana habari za saa na fundi saa?

Walipofika, mlinzi wa geti aliisoma karatasi ya miadi, akamtazama mzee, akairudia karatasi.

"Shikamoo mzee. Miadi yako ilikuwa saa tatu."

"Marahaba. Na sasa ni saa tatu kasoro dakika kumi."

Mlinzi akapandisha mkono wa shati. Saa yake ilisema saa nne kasoro dakika kumi.

"Hiyo saa yako mbovu, kijana."

"Inawezekana," mlinzi akasema. "Uliitengeneza wewe mwezi uliopita."

Fundi akaisogelea hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Aliutambua mkanda, akautambua na mkwaruzo wa pembeni. Saa ilikuwa inakwenda vizuri kabisa. Kwa mara ya kwanza maishani alitamani angekuwa amelipua kazi ya mtu.

Mkewe aliziba mdomo kwa ncha ya mtandio asicheke. Halafu aliuona uso wa mumewe, na kicheko kikafa chenyewe. Akamvuta mlinzi pembeni, akamsimulia yote, kuanzia mwalimu, kalenda, hadi askari wa bati. Mlinzi akaingia ndani, akakaa huko kitambo, akarudi na jibu: mzee ataonwa, ila wa mwisho kabisa, baada ya wote wa asubuhi. Mama hana miadi, asubiri nje. Mama akavuka barabara, akafungua mwavuli, akakaa ukingoni mwa kibaraza cha duka lililofungwa.

Ndani, fundi aliketi jirani na msusi mmoja kijana aliyealikwa na dada yake huko ng'ambo. Waliitwa pamoja kuchukuliwa alama za vidole, na hapo mashine ikamkataa fundi. Dole gumba la kulia, hapana. La kushoto, hapana. Miaka ya mafuta na shaba ilikuwa imefuta mistari yote. Ilibidi anawe, apanguse, abonyeze tena mara sita, na msusi aliyemshikia bahasha akamnong'oneza, "Mzee wangu, wewe hata ukivunja benki hawakupati."

Hatimaye aliitwa dirishani. Dirisha lilikuwa la kioo kizito chenye vitundu, hivyo kila aliyehojiwa alilazimika kupaza sauti, na ukumbi mzima ulisikia habari zake. Karani, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, hakuona kasoro kwenye vyeti. Akampa karatasi asaini. Fundi akasaini, kwa madaha, juu ya meza, pembeni mwa karatasi.

"Mzee, huoni vizuri?"

"Naona kiasi."

"Na saa unatengenezaje?"

Jibu alikuwa nalo. Amekuwa akilitoa kwa wateja mwaka wa pili huu, kwamba mikono imezoea. Akafungua kinywa alitoe, na likatoka lingine.

"Macho ni ya mke wangu. Ananiwekea skrubu kwa kibano, mimi nakaza. Tunafunga pazia kwanza. Watu hawajui."

Nyuma yake ukumbi ukapoa. Karani akauliza yuko wapi huyo mke. Fundi akaonyesha kidole upande wa barabara bila kugeuka: yupo pale, mwenye mwavuli. Karani akainuka kidogo kitini, akachungulia, akamwona.

"Kibanda chako hakina mwajiriwa, watoto wako mbali. Kwa hiyo sababu ya kurudi ni yeye."

"Ndiyo."

"Yeye hataki kwenda?"

Fundi alisugua kile kidole gumba kisicho na alama.

"Sijamuuliza," akasema. "Watoto walitaka kujua ni nauli ya wangapi, nikawaambia mmoja. Nilitaka kitu kimoja tu nikakione kwa macho yangu mwenyewe, bila kuambiwa. Sasa nimekaa pale kwenye kiti, nimefikiri. Huyo askari wa tatu anachelewa. Nitajuaje ametoka, kama hakuna wa kunishika mkono aniambie huyo, sasa hivi?"

Karani akavuta fomu. Aliandika kwa muda mrefu, kisha akamwambia atajulishwa.

Nje, mkewe alisimama kabla fundi hajamaliza kuvuka barabara. Fundi akanyoosha mgongo. Maswali yalikuwa magumu, alimwambia, lakini amewajibu kama chuma. Wameuliza kwa nini atarudi, naye akawaambia asiporudi mji mzima utachelewa kazini. Mkewe akacheka, akamsogezea mwavuli upande wake, akauliza kama waligusia habari za macho.

"Hata kidogo."

Siku ya tisa pasipoti ilirudi, viza imo. Mkewe akaanza maandalizi siku hiyohiyo. Alishona mifuko miwili ndani ya koti, mmoja kwa kitambaa laini na mwingine kwa kitambaa cha kukwaruza, vidole vya mumewe vijue bila macho ipi ni pasipoti na ipi ni dawa. Alimwandikia anwani ya hoteli kwa herufi kubwa kama za bango. Kila akimwona ameinama na sindano, fundi alikusanya nguvu, akaita, "Mama watoto." Mkewe akiitika, alichoishia kuomba mara ya kwanza kilikuwa chumvi, mara ya pili kandambili, mara ya tatu akauliza kama mvua itanyesha.

Alhamisi wakiwa kibandani, pazia limefungwa, mke anaweka skrubu, pazia likafunuliwa. Alikuwa yule msusi, saa ya ukutani ya saluni iko kwapani. Akatazama kibano kilipo, akatabasamu.

"Shikamoo mama. Kumbe macho yenyewe ndiyo haya."

Fundi akakohoa, akaikwapua saa ya saluni, akaanza hotuba ndefu juu ya ubovu wa betri za siku hizi. Haikusaidia. Msusi alikuwa ameshavuta kigoda.

"Mama, siku ile ukumbi mzima tulinyamaza. Alivyosema hajui atamwonaje huyo askari bila wewe kumshika mkono, na eti hajakuuliza kama unataka kwenda, nililia na wanja wangu wote." Akamgeukia fundi. "Mlishapanga lakini, mzee wangu? Mnakwenda wote?"

Fundi aliinama juu ya saa, akachomoa betri, akairudisha kinyume.

Mkewe alikiweka kibano mezani. Akachukua kitambaa, akapangusa mafuta mkononi, kidole kimoja kimoja, bila haraka.

"Kama chuma," akasema.

Msusi akatazama sakafu. Fundi akaichomoa tena betri. Mkewe akasogeza kiti chake hadi magoti yao yakagusana, uso kwa uso, pale ambapo hata ukungu wa macho yake usingeweza kumficha.

"Haya, nimekaa," akasema. "Niulize."