Jogoo wa Kukombolea Pwani

Nikutegee wewe uliyekaa hapo, na usinitazame usoni kutafuta jibu. Tajiri mmoja ana jumba la vyumba mia, ukilizunguka mpaka jioni humalizi, lakini usingizi haumpati kwa ajili ya kijimlango kimoja cha jirani yake. Anakosa nini huyo? Usinipe mji bado. Lishikilie jibu lako, twende Mkwaja.

Hapo Mkwaja anakaa Bibi Imakulata, Mnyamwezi aliyezaliwa kambi ya mkonge akaletwa pwani na mumewe, Laurenti. Laurenti alipofariki alimwachia nyumba ya bati na kipande cha ufukwe, upana wake hatua arobaini. Kipande kidogo, lakini mchanga wake safi na maji mbele yake yana kina. Kila bamvua, maji yakipwa mbali, Imakulata huvuna mwani wake na kuuanika pale. Ukiuanika kwenye majani unashika takataka, na mnunuzi anaugeuza kwa kidole kimoja, anakwenda zake.

Kulia, kushoto na nyuma yake, kote huko ni kwa Rama. Minazi ya Rama inaanzia barabarani, inaishia kwenye mikoko, na mtu akitaka kuimaliza kwa miguu abebe maji ya kunywa. Ana boti mbili za injini za kubebea nazi. Ila mbele ya shamba lote hilo ni matope, boti haziingii. Miaka ishirini zimekuwa zikitia nanga kwa Laurenti, wala hakuna aliyemuuliza kitu.

Sasa, Rama ni Mzigua, na Mzigua kwa Mnyamwezi ni mtani. Mtani anakusema mbele ya wageni, unacheka. Akija msibani kwako anashika sufuria ya pilau, anadai ikombolewe, nawe unaikomboa kwa jogoo. Kumnunia mtani ni aibu, watu watakucheka mpaka mnadani.

Basi siku ya kuanua matanga ya Laurenti, Rama alikuja na kamba ya makumbi, akaifunga toka mnazi huu mpaka ule, ikakata ufukwe wote.

"Pwani hii nimeiteka," akatangaza. "Huyu Mnyamwezi alikuja na mzigo kichwani, bahari kaionea kwetu. Nipeni jogoo."

Watu walishika mbavu. Imakulata naye, machozi ya msiba yakiwa hayajakauka, alicheka kwa mara ya kwanza tangu azike, akamkamatia jogoo mwekundu. Rama akamla siku ile ile.

Kamba haikufunguliwa. Imakulata atasemaje, na ni utani? Mwezi wa pili kamba ikaondolewa, ikasimamishwa miti. Miti ikawa nguzo za saruji, zikavutwa waya, likaja na geti lenye kufuli. Hapo ndipo alipomfuata.

"Rama, shamba lako halina mwisho. Kwa nini kijisehemu changu?"

Rama alicheka, ila macho yake yalikuwa kwenye boti zake. "Watani hawaulizani," akasema, akaondoka.

Tangu hapo Imakulata akawa anabeba mwani mbichi kichwani, maji yanamchuruzika mgongoni, anaizunguka minazi yote ile kwenda kuuanika juu ya bati la banda la kuku.

Siku mbili kabla ya bamvua, mjukuu wake Precious alifika likizo kutoka mjini, Usagara, anakokaa na mama yake. Yuko kidato cha tatu, shule yao iko Raskazone.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekonda, au ndiyo mitindo?"

"Ndiyo mdahalo, bibi. Tumepewa swali: kwa nini dola yenye nguvu inachukua pwani ya jirani yake? Mwalimu katupa mfano wa Urusi na Krimea."

"Hao kina nani?"

Precious akaeleza huku wakichambua mchele. Urusi ndiyo nchi kubwa kuliko zote duniani. Krimea ni rasi ya Ukraine, imeingia Bahari Nyeusi. Manowari za Urusi zilikuwa zikikaa pale kwa kupanga, kwa makubaliano. Mwaka 2014 serikali ya Ukraine ikabadilika. Urusi ikapeleka askari wasio na alama kwenye sare, ikasema wale wa Krimea ni watu wake, ikapigwa kura askari wamesimama, ikaichukua. Nchi nyingi zimeikataa kura ile mpaka leo.

"Kubwa kuliko zote," Imakulata akarudia. "Na bado."

"Na bado, bibi. Wengine wanasema ni bandari, wengine fahari, wengine woga. Sijui niandike lipi."

Imakulata akaweka ungo chini, akalitazama geti. "Kesho tutakwenda kumuuliza mwenyewe," akasema. "Kalete ile kamba ya Rama nyuma ya banda la kuku. Niliikunja mwenyewe."

Asubuhi Rama alikuwa shambani. Imakulata akafika nyumbani kwake na Precious, akawaita wajukuu wa Rama wote saba, akawagawia vitumbua vya moto, akaifunga ile kamba mlangoni, kisha akakaa kwenye kiti cha Rama, miguu juu ya kistuli. Mke wa Rama alichungulia kutoka jikoni, akafunika mdomo kwa kanga, akarudi ndani.

"Mnyamwezi," Rama akasema alipofika, "umepotea njia?"

"Nimefika. Nyumba hii nimeiteka. Watoto hawa wanakula vitumbua vyangu, kwa hiyo ni watu wangu. Na wamepiga kura."

"Kura gani?"

"Nane kwa sifuri," Precious akasoma kwenye daftari.

"Wajukuu zangu saba."

"Mmoja alirudia kitumbua."

Rama akacheka mpaka akaegemea nguzo. Akanyoosha mkono aifungue kamba. Imakulata akaishika.

"Jogoo kwanza."

"Nitakupa wawili."

"Mimi nilikupa, Rama. Ukamla, na kamba ikazaa nguzo."

Kicheko kikamkauka. Watoto nao wakaacha kutafuna.

"Bamvua ni kesho," Imakulata akasema, polepole. "Bati limenichosha. Nikikosa mchanga wangu tena, nakiuza kipande kile kwa yeyote atakayekuja, nihamie Usagara kwa binti yangu. Utani nimeuweka chini hapa. Lakini jibu langu sijapewa. Laurenti hakukufungia, mimi sikukufungia. Kwa nini?"

Rama akakaa chini, kwenye ngazi, yeye mwenye nyumba. Akapapasa pindo la kikoi. Akatoa ufunguo wa geti, akauweka ndani ya bakuli, kati ya vitumbua viwili vilivyobaki.

"Siku ya msiba," akasema, "nilimsikia mkweo, mume wa binti yako, akiongea na simu, anauliza ufukwe unauzwaje siku hizi. Nikaona mgeni anakuja kufunga, boti zangu zinakaa nje, minazi yote hii inakuwa kuni. Ningekuja kukuomba, Imakulata. Lakini ningeomba, ungeweza kukataa. Basi sikuomba."