Nyumba Tunayoiruka

Kila likizo ndefu ya shule kanisa letu hugeuka uwanja wa shughuli. Asubuhi watoto hujazana ukumbini kwa masomo na nyimbo. Jioni hucheza mpira nyuma ya ofisi ya mchungaji mpaka kioo kivunjike, na kila mwaka kinavunjika kile kile. Vijana huenda hospitali kuwasomea wagonjwa. Jumapili, kabla ya mahubiri, mtu mmoja husimama kusimulia safari yake ya imani. Na sisi watu wazima hutoka wawili wawili, nyumba kwa nyumba, kukaribisha majirani. Mimi ndiye katibu wa huduma hiyo. Kazi yangu ni ushonaji, watoto wananiita Mama Futi kwa sababu futi ya kupimia haitoki shingoni mwangu hata siku ya Meza ya Bwana, na ukatibu nilipewa kwa sababu moja tu: mwandiko wangu unasomeka.

Daftari letu lina kila mtaa na kila nyumba. Nyumba iliyotupokea inawekewa alama ya vema. Iliyosema turudi siku nyingine inawekewa nukta. Iliyotukataa inapigwa mstari mwekundu, na ikishapigwa mstari haigongwi tena, maana mchungaji hapendi kero. Mtu akisema hapana, ni hapana. Daftari huchakaa kwa jasho na kwa mvua, kwa hiyo kila mwaka, wiki moja kabla ya likizo, nakaa na rula na kalamu mbili na kulinakili lote upya. Mistari myekundu nainakili pia. Hakuna anayeuliza ni nani aliipiga, wala lini.

Nyumba ya kumi na moja, mtaa wa nyuma ya kiwanda cha mikate, nimeipiga mstari mara sita. Haikutukataa hata siku moja, kwa sababu haijawahi kugongwa. Humo anaishi binti yangu.

Ni mwanangu wa pekee. Alikuwa akiimba sauti ya pili kwenye kwaya, na nilikuwa nikikaa benchi la tatu kwa makusudi ili nimsikie yeye peke yake katikati ya watu arobaini. Halafu akahamia kwa yule fundi wa kuchomelea mageti, bila ndoa, bila baraka, na tumbo likaanza kuonekana. Mchungaji alitaka mazungumzo. Mimi sikutaka mazungumzo. Siku ya mazoezi nilisimama mbele ya kwaya nzima, nikamvua joho kwa mikono yangu, joho nililolishona mwenyewe, nikasema mguu wangu hautakanyaga kwake mpaka siku atakayorudi kwa magoti. Ulimi hauna mfupa. Hakulia. Alikunja kitambaa chake cha kichwa, akakiweka kwenye kiti, akatoka.

Mzee wa kanisa, aliyekuwa mwenzangu kwenye huduma, alinifuata hadi kibandani kwangu. "Mama Futi," akaniambia, "mtoto akikunyea mkono, hukati mkono. Unanawa." Nikamjibu kwamba sindano yangu imekatika na wateja wanangoja. Likizo ilipofika, jozi moja ikapangiwa mtaa ule. Nikawaza watakavyogonga, wamkute na kichanga chake na fundi wake, warudi na habari. Nikachukua kalamu nyekundu, nikapiga mstari, na kikaoni nikasema, "Wale wameshakataa." Sauti haikutetemeka hata kidogo.

Nilidhani ni kwa mwaka mmoja.

Nikwambie miaka sita inavyopita. Nyuma ya nyumba yake kuna kichochoro, na kwenye kichochoro mtu anaona kamba ya nguo. Kila Jumamosi mimi nina safari ya kununua vifungo, na duka la vifungo halipo upande ule. Mwaka wa kwanza nikaona nepi. Baadaye vijigauni. Kwa macho ya mshonaji, nguo iliyoanikwa inasema kila kitu: nikajua ni msichana, nikajua ana mabega mapana kama mama yake, nikajua amerefuka ghafla baada ya mvua za mwaka wa nne. Nikirudi nyumbani nakata kitambaa. Ndani ya sanduku langu mna magauni saba ya mtoto ambaye sijawahi kumshika mkono. La njano naliacha na pindo pana, na pindo hilo nimeshalifumua mara mbili ili gauni limtoshe, ilhali hajalivaa. Nikiwa nafumua nililia mpaka uzi ukanipotea. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na mimi sikumwomba mtu pole.

Mwaka huu mzee wa kanisa hayupo, alitangulia mbele ya haki kabla ya likizo kuanza. Nikapewa mwenzangu mpya, Kinyozi. Aliokoka mwaka jana, anaongea kama redio, na kichwa chake mwenyewe kimeachwa msitu. "Kinyozi hajinyoi," nilimtania siku ya kwanza. "Na fundi wa kushona?" akauliza, akitazama mkono wa blauzi yangu uliofumuka. Tukapatana.

Siku ya tatu tukaingia mtaa wa nyuma ya kiwanda. Nilikuwa nimejipanga: nyumba ya tisa, ya kumi, halafu nasimulia kitu kirefu hadi tufike ya kumi na mbili. Miaka ya nyuma mtaa huo walipangiwa wengine. Ya kumi walitupokea, tukaimba ubeti mmoja, watoto wawili wakaandikishwa kwa wiki ya michezo. Tukatoka. Nikaanza kumsimulia Kinyozi habari ya bibi harusi aliyenenepa kati ya kupimwa na kuvaa.

Kinyozi akasimama. "Mama, hii tumeiruka."

"Wale walikataa. Angalia daftari."

Akaangalia. "Lini?"

"Zamani. Miaka sita."

"Miaka sita!" Akacheka. "Mama, mimi niliwafukuza watu wa kanisa mara tatu. Wa mwisho nilimmwagia maji ya kunyolea. Mngenipiga mstari ningekuwa wapi leo?"

"Utaratibu ni utaratibu."

"Basi andika kwamba kosa ni langu," akasema, na kabla sijamshika shati alikuwa ameshafika mlangoni na kupiga hodi.

Ningeweza kuondoka. Nilikuwa na hatua ishirini za kufika kona, na miguu yangu ni mizima. Sikuondoka. Nilisimama nyuma ya mgongo wa Kinyozi, daftari nimelikumbatia kifuani, na kitu pekee nilichokiomba ni kwamba afungue yeye, asifungue fundi.

Akafungua yeye. Alikuwa na unga kwenye nywele. Anafanya kazi zamu ya alfajiri kule kiwandani, hilo nililijua. Amenenepa kidogo. Amekuwa mwanamke mtu mzima wakati mimi nanunua vifungo.

"Bwana asifiwe, dada," Kinyozi akaanza. "Sisi tunatoka kanisa la hapo juu, tunawakaribisha majirani na watoto kwenye wiki ya…"

Alikuwa ameshaniona.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba."

Kinyozi akageuza kichwa kwangu, kwake, kwangu tena.

Binti yangu aliegemea mlango. Hakupandisha sauti. "Mwaka wa kwanza nilikuwa na mtoto wa miezi miwili," akasema. "Nikawasikia mnaimba kwa jirani. Nikaosha uso, nikabandika maji ya chai, nikatoa vikombe vile vizuri. Nikasikia viatu vinakuja, vinafika hapa, vinapita. Nikadhani mmesahau, mtarudi. Maji yakachemka hadi yakaisha."

Nilitazama kizingiti.

"Mwaka wa pili nikakaa nje kabisa, kwenye ngazi. Wale wawili waliopangiwa huku wakaangalia daftari, wakaangalia chini, wakapita. Mwaka jana mtoto wangu aliniuliza mbona watoto wa jirani wanaenda kwenye michezo na sisi hatuitwi. Nikamwambia sisi jina letu halipo. Si mnahubiri kwamba aliyepotea anafuatwa? Mimi sikwenda mbali. Nilikuwa hapa hapa. Nilikuwa nasubiri mnifuate." Akamtazama Kinyozi. "Nataka kujua kitu kimoja tu. Nani alitufuta?"

Kinyozi ana moyo mwema, na moyo mwema nao una hatari zake. Akaruka haraka kuokoa hali. "Dada, haya ni makosa ya daftari tu. Huduma hii alikuwa nayo mzee mmoja, amefariki juzi, Mungu amlaze pema. Uzee ule, macho yale… itakuwa alikosea mstari. Si mama?"

Nilimwona binti yangu anaanza kulegea. Mabega yakashuka. Mzee alikuwa mtu mwema kwake, alimbatiza kwa maji baridi akamtania hadi akacheka, mzee angesamehewa. Nilichotakiwa kufanya ni kutikisa kichwa tu. Nitikise kichwa, mlango ufunguke, niingie, nikae kwenye kiti, nimwone mtoto. Nyuma yake, mwisho wa ukumbi, kulikuwa na pazia, na chini ya pazia vidole kumi vya miguu. Nilivitazama vile vidole. Sijawahi kutamani kitu chochote duniani kama nilivyotamani kuwadanganya wote wawili wakati ule.

Na marehemu asingenibishia.

"Ni mimi," nikasema. "Mzee hakukosea kitu. Niliona aibu watu wakukute, nikapiga mstari. Nikasema mmekataa. Kila mwaka nanakili daftari, na kila mwaka nimekupiga mstari tena, na rula, ili unyooke."

Kinyozi akavuta pumzi. Binti yangu alinitazama muda mrefu sana, kama mtu anayejaribu kumkumbuka mtu aliyekutana naye kituoni.

"Mama," sauti ikatoka nyuma ya pazia, "ni nani?"

Nikajipanga kusikia jina langu. Mtu anaweza kuwa mjinga kiasi hicho, hata baada ya kusema aliyoyasema. Nilinyoosha blauzi.

"Ni watu wa kanisa," binti yangu akajibu. "Wanaondoka."

Akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza. Ungebamizwa ningeweza kukasirika, na hasira ningejua la kuifanya.

Kinyozi alinishika kiwiko. "Twende, mama. Umesema kweli, hilo si dogo. Tutaliweka kwenye maombi."

"Liweke wewe," nikamwambia. "Chukua daftari. Nenda ya kumi na mbili, wana mbwa, pigia hodi getini."

"Na wewe?"

"Mimi nina kazi hapa."

Akasita, akaenda. Nikamsikia mbwa akimpokea. Nikabaki mbele ya mbao zile, mikono mitupu, na sikujua niiweke wapi. Kwa miaka kumi na nne nimegonga milango ya watu, naijua salamu ya kila aina ya nyumba: ya mgonjwa, ya mlevi, ya mjane, ya mwenye kiburi. Maneno yote hayo nilikuwa nayo mdomoni na hakuna lililofaa. Jua lilinichoma utosini. Jirani wa nyumba ya kumi alichungulia dirishani; mwache achungulie, nikasema moyoni, na awaambie wengine.

Nikapiga hodi.

Nikahesabu hadi kumi.

Nikapiga tena. Mle ndani nikasikia kiti kinasukumwa, kisha kandambili zinakuja, zinakuja, zinasimama. Alikuwa upande wa pili, karibu kabisa. Nilisikia anavyopumua. Alipokuwa mdogo na kifua kikimbana nilikuwa nalala na mkono wangu mgongoni kwake nikihesabu pumzi hizo hizo.

"Nani?" akauliza, ingawa alijua.

"Sijatumwa na mtu," nikasema. Sauti, ile isiyotetemeka kikaoni, ikanikatika. "Sina daftari, sina wiki ya michezo, sina neno la kukuhubiria. Sikuja ili unifuate kanisani. Mimi ni mama yako. Nimekukumbuka hadi nimechoka. Usiponifungulia leo nitakuja kesho baada ya zamu yako, na keshokutwa. Nitakaa kwenye ngazi."

Mtoto aliuliza kitu kwa kunong'ona, mama yake akamnong'oneza jibu ambalo sikulisikia. Nikakaza masikio. Nikaweka kiganja kwenye mlango, ulikuwa wa moto kwa jua.

"Mama gani huyu," binti yangu akasema hatimaye, na machozi yalikuwa yamejaa kwenye ile sauti ya pili niliyokuwa nikiikalia benchi la tatu, "anabisha hodi kwa mwanawe kama mgeni?"

Nikasukuma mlango.