Skana ya Sipriani

Soko lilipofunguliwa na kila mwenye uwezo akaruhusiwa kuagiza anachotaka kutoka nje, Sipriani alituletea skana. Ilikuwa ya kwanza hapa stendi ya Lindi, kubwa kama sanduku la bibi harusi, na ikiwashwa inanguruma mpaka vikombe vyangu vinatikisika. Nauza chai na mihogo mbele ya mlango wake, kwa hiyo sikusimuliwa.

Ukurasa mmoja aliutoza bei ya jogoo. Na ulichopata kwa jogoo wako ni masizi: picha ya mtu haina macho, mhuri umekuwa doa. Herufi zilizofifia mashine haikuziona kabisa. Hapo Sipriani alichomoa kalamu ya wino wa buluu sikioni, akaipitisha juu ya kila herufi kwenye cheti chako chenyewe, taratibu, ulimi nje. Kazi hiyo aliiita kukoleza. Watu walishukuru. Wengine walikoleza nyumbani kabisa, wasimchoshe bwana mkubwa.

Kisha Umi, binti wa Kilwa, akafungua chumba ng'ambo ya barabara. Skana yake nyembamba kama sinia, haina kelele, inatoa rangi zote, na bei yake ni chai yangu na kipande cha muhogo. Sipriani alicheka mpaka akakohoa.

"Rahisi ghali," akaniambia. "Kitu chenyewe hakina hata uzito."

Uzito, kana kwamba tunapima korosho.

Mwaka huo binti yake Rosalia alipata nafasi chuo cha uuguzi. Walitaka nakala ya cheti cha kuzaliwa kwa barua pepe. Cheti kilipigwa chapa zamani kwa taipu yenye utepe uliochoka, basi baba mtu akakikoleza chote, jina, tarehe, hata sahihi ya msajili, halafu akakipitisha kwenye lile dude lake linalonguruma. Chuo kikajibu kwamba hakisomeki, watume nakala ya rangi kabla ya Ijumaa.

Rosalia akavuka barabara. Niliacha birika nikamfuata, maana umbea nao ni kazi. Cheti kilipotokea kwenye kompyuta ya Umi, nilielewa hata mimi niliyeishia darasa la nne. Chini kulikuwa na herufi nyeusi zilizopauka, na juu yake buluu mbichi iliyoteleza pembeni.

"Dada, watasema kimechezewa," Umi alisema.

"Amekoleza baba. Kuomba kipya ni miezi. Tuma tu."

Wiki iliyofuata jibu likaja: cheti kimechezewa, hawakipokei. Nilimhurumia yule mtoto. Baba yake sikumhurumia hata kidogo. Ndipo naye, kwa mara ya kwanza, akavuka barabara, cheti mkononi, nami nyuma yake.

"Shikamoo, baba," Umi alimwamkia.

"Marahaba. Mwanangu, hiyo mashine yako huwezi kuipunguza? Isione sana. Ione kama yangu."

Umi alinitazama. Ningecheka, ila Rosalia alikuwa amesimama mlangoni.

"Usihangaike, baba," Rosalia alisema. "Nafasi wameshampa mtu mwingine."

Sipriani hakugeuka. Aliendelea kumwonyesha Umi jina la mwanawe, herufi moja moja, akimuuliza ni ipi hasa waliyoikataa.