Picha Thelathini kwa Sekunde

Namba ya kijani kwenye kona ya skrini yangu ilisoma tisini na nne, na baba yangu alikuwa kwa Feri.

Niseme wazi mapema: nilikuwa na wivu. Tena si wivu wa kuchekesha. Ni wivu wa kukaa dirishani na kikombe cha kahawa kilichopoa, unahesabu dakika ambazo baba yako mzazi amekaa nyumba ya pili, ukuta mmoja tu katikati, akicheka. Kwangu alikuwa hajacheka hivyo tangu majira ya baridi.

Baba yangu, Radivoj, alirusha ndege za kunyunyizia dawa mashambani kwa miaka thelathini na moja. Hakuna shamba la mahindi wala la alizeti kati ya mji wetu wa Zrenjanin na mpaka wa Romania ambalo hakuwahi kupita juu yake. Alipofika miaka sitini na mbili moyo ukaanza matata, madaktari wakamnyang'anya leseni, na mtu aliyezoea kuamka kabla ya jua akawa analala hadi saa nne asubuhi. Ndipo nikamjengea simuleta nyumbani kwetu. Wengine huiita mchezo wa ndege wa kwenye kompyuta. Sisi tunaoirusha tunanuna ukisema mchezo. Kiti, usukani, pedali za miguu, skrini pana, vyote nilivifunga kwa mikono yangu. Nafanya kazi maabara ya kiwanda cha maziwa, mama alishafariki, mume nilishaachana naye, mtoto sikujaliwa. Jumapili baada ya chakula ilikuwa yetu. Yeye anarusha, mimi nimekaa stuli ya pembeni namsomea ramani. Hiyo Jumapili ndiyo niliyokuwa nayo duniani, basi.

Nikataka iwe nzuri zaidi. Kompyuta inachora picha mojamoja, nyingi kila sekunde, na zikifuatana jicho linadhani ndege inakwenda. Picha zikiwa nyingi zaidi, mwendo unakuwa laini zaidi: hivyo ndivyo tulivyoaminishwa sote. Nikanunua kadi mpya ya kuchorea picha. Nikaweka mawingu juu kabisa, vivuli juu kabisa, kila jani la kila mti. Ile namba ya kijani, hesabu ya picha kwa sekunde, ikapanda: sitini, themanini, tisini na nne! Nikaituma kwenye kundi letu la marubani wa mezani, wenzangu wakanipigia makofi. Kila ndege ilipokata kona juu ya mji namba ilianguka ghafla hadi arobaini, kisha ikapanda tena. Niliona. Nikajifanya sijaona.

Baba ndiye aliyeona zaidi. "Smilja, ardhi inarukaruka."

"Baba, tisini na nne hiyo! Mkoa mzima wa Banat hakuna mwenye namba kama hiyo."

"Mimi sirushi namba, mwanangu. Kichwa kinanizunguka."

Dakika kumi tu, anavua vipokea sauti anakwenda kujilaza. Jumapili ya kwanza hivyo, ya pili hivyo. Ya tatu hakujilaza. Alivaa viatu akaenda kwa Feri.

Huyu Feri ni jirani yetu, Mhungaria, mjane, fundi televisheni aliyestaafu. Ana kuku sita, na kompyuta ambayo mimi ningeitumia kuzuia mlango usibamizwe na upepo. Usukani wake umezungushiwa utepe mweusi usimomonyoke. Simuleta yenyewe nilimfundisha mimi, msimu uliopita, kwa kumwonea huruma. Na huyo ndiye aliyeninyang'anya baba.

Siku moja nikajipeleka, eti nimewaletea pilipili hoho za kuchoma. Nikamkuta baba kiti cha mbele, mgongo umenyooka. Kwenye skrini mto Begej ulikuwa ukipita chini ya bawa, na ulikuwa unapita kweli, polepole, mfululizo, bila kukwama hata mara moja. Roho iliniuma, sijui niseme vipi.

"Njoo uone, Smilja!" baba akasema bila kugeuka. "Hapa ndege inaruka!"

"Naona miti mitatu," nikasema. "Wakata kuni walipita?"

Feri akacheka hadi akakohoa. "Kwenye miti hatulali, mama, tunapita juu yake tu. Kaa unywe kitu. Ukitaka nitakuonyesha nilivyoipanga, dakika tano."

"Wewe unionyeshe mimi? Aliyekufundisha kuiwasha ni nani?"

"Ni wewe, na nakushukuru kila siku."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa, na hapo ndipo aliponichoma. Laiti angenijibu kwa dharau, ningelala vizuri. Nikaacha pilipili mezani, nikatoka.

Mwezi wa nane Feri akaenda Subotica kwa dada yake, siku mbili. Ufunguo akaniachia mimi, nimwangalizie kuku na nyanya. Ijumaa adhuhuri nikawapa kuku mahindi, nyanya nikazimwagilia, kisha nikasimama uani na ufunguo mkononi. Nyanya hazikai sebuleni, nalijua hilo. Nikafungua mlango.

Nikaiwasha ile mashine yake, nikaita namba itokee kwenye kona. Thelathini. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, nyumbani kwa mtu. Thelathini! Hata kundi letu lingemfukuza. Nikaruka kutoka uwanja wa Ečka, nikakata kona juu ya mji. Thelathini. Nikashuka chini karibu na mabomba ya moshi ya kiwanda cha sukari, mahali ambapo mashine yangu hukwama kama lori kwenye matope. Thelathini. Haikupanda, haikushuka, na ardhi ikateleza chini yangu taratibu, ukingo hadi ukingo. Kicheko kikaniishia.

Nikafungua mipangilio. Kumbe alikuwa ameifunga. Ameiambia kompyuta isichore zaidi ya picha thelathini kwa sekunde, hata ikiwa na nguvu ya kuchora zaidi. Skrini yenyewe hujichora upya mapigo sitini kwa sekunde, kwa hiyo kila picha inakaa mapigo mawili kamili, halafu inampisha mwenzake. Zangu zilikuwa zinakuja zinavyotaka, mara mbili kwa mpigo, mara hakuna. Vivuli kazima, miti kapunguza, ili hizo thelathini zisikosekane hata moja. Mimi nimekaa maabara miaka kumi na tisa, nashinda na vipimo kutwa, na jambo hilo halikunijia. Lilimjia fundi televisheni.

Nikanakili kila kitu nyuma ya bahasha, nikarudi kwangu, nikaifunga yangu kwenye thelathini, nikaondoa majani na vivuli. Dakika ishirini tu. Ikawa laini kuliko yake.

Hapo ningekomea. Mtu yeyote mwenye akili angekomea hapo. Lakini nikajiuliza: baba akiwa na mashine mbili nzuri, atakwenda kwa nani? Jibu nilikuwa nalo. Nikarudi kwa Feri. Nikaifungua ile thelathini, iende inakotaka. Vivuli nikavipandisha juu kabisa. Mawingu sikuyagusa, maana hayo angeyagundua mara moja. Namba nikaificha isionekane kwenye kona. Msinione mwema. Nilisikia raha.

Jumapili nikapika supu ya kuku na tambi, nikamwekea baba sahani. "Leo kaa kwangu, Baba. Nimeitengeneza."

"Wiki ijayo, mwanangu. Feri amerudi jana na rakija kali ya plamu ya dada yake, hata hajafungua chupa, ananisubiri."

Nikaosha vyombo dirisha likiwa wazi. Hazikupita dakika ishirini nikasikia mlango wa Feri ukigonga ukuta. Nikachungulia. Baba alikuwa ameshika mti wa plamu, anatapika, na Feri amemshika paji la uso kama mtoto. Moyo uliniruka, na si kwa huzuni peke yake. Nikachukua taulo nikakimbia.

"Twende kwangu," nikamwambia. "Yangu haitakuzungusha, naapa."

Baba akajifuta mdomo. Akanitazama, akamtazama Feri. "Mashine mbili haziwezi kuugua ugonjwa mmoja. Ni mimi."

"Wewe una nini?"

"Kichwa. Mama alianza hivihivi. Kizunguzungu kwanza."

Bibi yangu alifika mahali pa kumwita baba kwa jina la mbwa wao wa zamani. Baba hakuwahi kulizungumzia hilo, hata siku ya mazishi. Sasa alilisema mchana kweupe, kuku wakipita miguuni pake.

Ningelisema pale pale. Maneno matatu: ni mimi niliyeiharibu. Badala yake nikamshika mkono, nikampeleka kitandani.

Jumatatu nikakuta ufunguo wa gari lake juu ya meza yangu. "Kaa nao wewe," akasema. "Nisije nikamgonga mtoto wa watu." Jumanne niliporudi kazini alikuwa jikoni, ameketi wima, macho kafumba, anataja vijiji kwa mpangilio aliokuwa akivinyunyizia dawa: Klek, Lazarevo, Jankov Most... Akakwama. Akaanza upya. Akakwama palepale. Akapiga meza kwa kiganja.

"Unaona?" akasema. "Unaona, Smilja?"

"Baba, hata mimi sivijui."

"Wewe hukuvirukia miaka thelathini na moja!"

Jumatano mchana Feri akaja. Mashine yake hakuwa ameiwasha tena. Alisema hana moyo. Aliketi na baba mezani, karatasi ya miadi ya daktari wa Novi Sad iko katikati yao, na hawakuwa wakizungumza. Baba alikuwa ananyoosha kona ya ile karatasi kwa kidole. Nikatazama kidole hicho nikaona siwezi.

"Kichwa chako hakina kitu," nikasema. Nilikuwa nimesimama, mgongo kwenye friji. "Ni mimi. Ijumaa niliingia kwa Feri. Nilifungua namba aliyoifunga, nikapandisha vivuli. Nilitaka ikuzungushe. Nilitaka urudi kwangu."

Feri ndiye aliyeanza. "Ufunguo niliokupa wa kuku?"

"Huohuo."

"Ungeniuliza, Smilja. Ningekuonyesha siku ileile."

"Najua! Ndiyo maana sikukuuliza!"

Nilimsubiri baba. Nilikuwa tayari kwa lolote, anitukane, anipige kofi ambalo hakuwahi kunipiga utotoni. Alikuwa ananitazama mdomo wazi.

"Kwa hiyo kichwa changu kizima?"

"Kizima, Baba."

"Hebu apa."

"Naapa kwa kaburi la mama."

Akajifunika uso kwa mikono miwili, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alipoondoa mikono alikuwa anacheka pia, machozi yanaingia kwenye masharubu. "Mzima!" akampigia kelele Feri. "Bwana we, mimi mzima!" Akaichana ile karatasi ya daktari vipande vinne. Akatafuta viatu vyake chini ya meza.

"Yangu iko tayari," nikasema haraka. "Hapo chumbani, Baba, hatua sita tu. Nimeifunga thelathini, ni laini kuliko ya—"

"Twende kwa Feri," akasema, anafunga kamba. "Nataka kutua palepale kichwa kiliponizunguka. Wewe njoo uirudishe ilivyokuwa."

Hakunisamehe wala hakunilaumu. Hakuwa na nafasi kwa ajili yangu.

Tukapita uani watatu. Mlangoni Feri akanyoosha kiganja. Nikamwekea ufunguo wake, akautia mfukoni. Nikaketi kwenye kile kiti chake, nikashusha vivuli, nikafunga namba. Nikajaribu kona moja juu ya mji, nikainuka, nikampisha baba.

Aliruka kutoka Ečka, akazunguka juu ya Begej, akavipita vijiji vyote kimoja kimoja akivitaja kwa sauti. Baada ya Jankov Most hakukwama. "Mihajlovo!" akasema, "mjinga mimi, Mihajlovo!" Kisha akageuza ndege, akashusha bawa la kushoto kidogo kwa ajili ya upepo, akaiweka kwenye nyasi za uwanja taratibu mno hata usijue magurudumu yamegusa lini. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, begani kabisa. Ningenyoosha mkono ningemgusa.

"Feri," akasema, bado kashika usukani, "umeona?"