Kivinjari Kilichojitaja kwa Jina la Jitu

Kila Ijumaa saa nane mchana ofisi yetu ya Oslo ilinukia siagi, maana Ijumaa ni siku ya vaffel, kile kichapati cha mayai na maziwa tunachokula na jibini ya kahawia. Mpishi ni yule aliyeharibu kitu wiki hiyo. Mwaka ule wa 2003 nilipika kuliko wenzangu wote kumi, kwa hiyo nilijua vizuri jiko lilipo.

Tulikuwa tunatengeneza kivinjari, programu ya kufungulia tovuti, jina lake Terna. Kilikuwa chepesi, kilikuwa na kasi, na kwa mujibu wa takwimu hakikuwa na watu. Kila mwezi bosi wetu, Halvard, aliandika sehemu yetu ya soko kwenye ubao wa jikoni. Machi, asilimia 0.4. Aprili, 0.4. Mei, 0.4. Zaidi ya tisini ilikuwa ya mpinzani wetu mkubwa, ambaye sisi tulimwita Jitu tu, kwa sababu ya wivu.

Kampuni moja ya simu ilikuwa tayari kuweka Terna ndani ya simu zake, kwa sharti kwamba tufike asilimia moja kabla ya mkesha wa Mtakatifu Yohana mwishoni mwa Juni, siku tunapowasha mioto ufukweni. Tusipofika, Halvard angefunga ofisi na kila mtu ashike njia yake. Kilichotukera ni kwamba watu walikuwa wanakipakua kwa wingi. Bjarte, mchoraji wetu, alidai wanakipakua ili wakitundike ukutani.

Ijumaa ya mwisho ya Mei niko jikoni na unga mikononi, shangazi yangu Gudveig akapiga simu kutoka kijijini kwake Lom, bondeni. Ni mwalimu mstaafu, na Januari nilimwekea Terna kwenye kompyuta yake. Alikuwa amekasirika.

"Benki wananishukuru kwa kutumia hilo mnaloliita Jitu," alisema. "Imeandikwa pale chini kabisa ya ukurasa wao. Mimi hilo dude nimeliacha tangu Januari. Nani anawadanganya?"

Nikacheka. Kisha kicheko kikanikauka, kwa sababu niliyekuwa nawadanganya ni mimi.

Kivinjari kinapobisha hodi kwenye tovuti, kwanza hutaja jina lake. Miaka miwili nyuma benki zetu zilimfungulia Jitu peke yake, wengine wote wakaambiwa warudi walikotoka. Nami kwa ujanja wangu nikakifundisha Terna kujitaja kwa jina la Jitu. Milango ikafunguka, nikapigiwa makofi, nikasahau. Na wale wa takwimu huhesabu majina yanayotajwa. Kila mtu tuliyempata kwa jasho tulikuwa tunamwandikisha kwa mpinzani.

Niliwaeleza wenzangu vaffel zikiungua. Hakuna aliyenilaumu, jambo lililoniuma zaidi. Halvard alisema kulifuta lile jina ni kazi ya dakika kumi, lakini siku hiyohiyo benki zitawafungia watu wetu wote, na watarudi kwa Jitu mbio. Akaniuliza shangazi yangu atalipaje umeme.

Nikampigia shangazi nikamuuliza hivyohivyo. Nikasikia anakoroga kahawa.

"Sasa mwanangu, kama ni kufukuzwa, si bora nifukuzwe kwa jina langu?" alisema. "Futa. Halafu nipe namba ya simu ya hao benki."

Jibu lake ndilo lililotupa wazo. Jumatatu tukatoa toleo jipya, na ukurasa wake wa kwanza ukaeleza kila kitu, pamoja na kosa langu, na chini yake namba za simu za benki zote. Watu walipiga. Walipiga hata benki moja ikamtuma mtu wake kutuomba tuwatulize. Halvard akamwambia dawa ni kufungua mlango. Ndani ya wiki mbili benki karibu zote zikafungua.

Asubuhi ya mkesha Halvard aliandika ubaoni 1.3. Magazeti yakasema tumekua kwa kishindo, ilhali hata mtu mmoja hakuwa ameongezeka. Mkataba wa simu ukatiwa saini, na jioni tukaenda kwenye moto.

Benki moja tu ilikataa katakata, ya bondeni kwa shangazi.

Julai nilimfuata Lom, nikamkuta anavaa viatu. Kila Alhamisi alikuwa anapanda basi dakika arobaini kwenda kulipia bili dirishani, na kila mara, kabla ya kutoa karatasi zake, alimwambia karani kwa sauti ya darasani: "Natumia Terna." Nikamwambia naweza kumrudishia lile jina la uongo, kwake yeye peke yake, asisumbuke tena.

"Kaa nalo," alisema akifunga kamba. "Wiki iliyopita wale wawili nyuma yangu kwenye foleni nao walijitaja kuwa wa Terna."

Nikavaa koti, tukaenda kituoni pamoja, ili Alhamisi hiyo tuwe wanne.