Zamu ya Sekondi

Pale machinjioni hakuna aliyeitwa jina lake. Msimamizi, mtu wa kusema Kiingereza hata akifukuza paka, aliwapanga mwenyewe: Fasti akate koo, Sekondi achune ngozi, Thadi atoe matumbo.

"Namba hizi hazisemi mko wangapi," aliwaambia. "Zinasema nani anamtangulia nani. Sekondi hagusi mnyama mpaka Fasti amalize. Tumeelewana?"

Walielewana. Sekondi alielewa kupita kiasi. Fasti alikuwa baba mkwe wake, mzee ambaye mkono ulishaanza kutetemeka lakini mbishi kupindukia. Kijana alikuwa na kijiba cha roho. Miaka yote anachuna tu, na hata nyumbani mkewe humpakulia baba kwanza.

Asubuhi hiyo aliingizwa fahali mweusi. Kisu cha mzee kikateleza, kikapasua shavu badala ya koo. Kufumba na kufumbua, mnyama alikata kamba akambana mzee ukutani, pembe ikazama chini ya mbavu.

"Mkwe!" mzee alipiga ukelele. "Mchome! Mchome, mwanangu!"

Sekondi alikuwa karibu, kisu mkononi. Akasimama. Zamu yangu bado, alijiambia, na alijua fika kwamba anajidanganya. Fahali alirudi nyuma, akapiga tena. Mbavu zikavunjika kama kuni kavu, na mzee akanyamaza.

Hapo ndipo Sekondi alipomrukia fahali. Alizamisha kisu shingoni, akachoma na kuchoma, damu ikimrukia machoni, mpaka Thadi akamshika mkono.

"Basi! Ameshakufa."

"Nani?"

"Wote wawili."

Msimamizi alikuja mbio, akatazama maiti, akatazama ng'ombe waliokuwa wakilia nje wakisubiri kuchinjwa. Aliagiza mzee afunikwe turubai, abebwe kwa mlango wa nyuma. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kila mtu apande nafasi moja. Kazi iendelee."

Ikaendelea. Mchana, mke wa Sekondi alifika na chakula kama kawaida, bakuli la baba juu, la mume chini. Hakuna aliyekuwa amepata moyo wa kumpelekea habari.

"Niitieni baba," alisema mlangoni.

Thadi aliinamisha kichwa, akageukia ndani, akaita, "Fasti! Mkeo amekuja."

Mumewe akatoka, damu hadi viwikoni. Mwanamke alimpa bakuli la chini, akabaki na la juu mkononi, akichungulia nyuma yake.