Kiti cha Kifungo

Mama Kifungo alifika shuleni asubuhi akiwa na mapazia ya darasa la tatu begani, yamepigwa pasi na kukunjwa vizuri, na pini zake amezichomeka kwenye kola ya gauni. Alikuwa fundi cherehani. Kila kamati ya wazazi ilipotafuta mtu wa kujitolea, jina lake lilitajwa kabla ya sala ya kufungua kikao kuisha, maana kila mtu alijua kwamba mama yule kusema hapana hawezi. Alipanda juu ya meza ya mwalimu atundike pazia la kwanza, akageuka kuomba ashikiwe fimbo, ndipo akamwona binti yake, safu ya nyuma karibu na ukuta, ameketi bila kiti.

Kifungo alikuwa ameketi vizuri tu. Mgongo umenyooka, magoti yamekunjwa, daftari liko mapajani. Chini yake palikuwa na sakafu, na kati ya sakafu na sketi yake hapakuwa na kitu. Mama alishuka mezani, akaenda akapitisha mkono pale chini, kama anavyoupitisha chini ya pindo kutafuta uzi uliolegea. Aligusa hewa.

Mwalimu wa darasa, binti aliyekuwa bado mgeni kazini, alimweleza huku akiendelea kufuta ubao. Viti vilinunuliwa kwa mchango wa mwaka jana, na kila kimoja kimeandikwa mgongoni, kwa rangi, jina la mzazi aliyekilipia. Watoto wasio na viti wamebanana na wenzao. Kifungo naye alikuwa akibanana na rafiki yake, mpaka baba wa rafiki huyo alipokuja kulalamika kwamba kiti alichokinunua kwa jasho lake kinachakazwa na mtoto wa watu. Basi Kifungo akasimama. Alisimama wiki za mwanzo wa muhula, kisha miguu ikamchoka, akaketi.

"Hasumbui hata kidogo," mwalimu alisema. "Ila kuna siku anaanguka."

Mama Kifungo aliyasoma yale majina, kiti baada ya kiti. Mwaka jana yeye ndiye aliyeshona vibendera vya hafla ya mchango, na hafla ilipokwisha ndiye aliyebaki kuosha vyombo vya wageni mpaka vidole vikamkunjamana. Lakini ni wapi umeona kiti kimeandikwa jina la aliyeosha vyombo? Alimaliza kutundika mapazia, kwa kuwa alikwisha ahidi, akarudi kwenye cherehani yake.

Jioni, alipokuwa akimvua sketi ya shule ili aifue, aliona kiuno cha mtoto kimevilia damu, hapa kijani, pale zambarau. Akamwuliza huwa anaangukaje.

"Nikielewa, naanguka," Kifungo alisema.

Alieleza kwa utulivu, kama mtu mzima anayeeleza kazi yake. Kukaa hewani kunataka akili yote. Ukiiweka akili pale chini, unakaa. Ukiipeleka kwingine, unashuka. Siku mwalimu alipofundisha kugawanya alichora machungwa ubaoni, na Kifungo akaona ghafla jinsi machungwa yanavyogawanyika na kwa nini lile moja linabaki. Akafurahi, akasahau kukaa. Darasa zima lilicheka. Tangu siku hiyo, mwalimu akianza kueleza jambo likaelekea kueleweka, Kifungo huinua macho akahesabu misumari ya dari. Hadithi kwenye kitabu cha kusoma huziacha katikati, kwa sababu mwisho wa hadithi ndio unaoangusha vibaya.

Mama Kifungo alikasirika. Aliendelea kushona, lakini uzi ukawa unamkatikia mkononi, na pindo la suruali ya mteja likaenda upande. Mtoto wake alikuwa anakwenda shule kila siku ya Mungu ili ajitahidi kutoelewa.

Asubuhi iliyofuata alibeba stuli yake ya kushonea, ya mbao, iliyobonyea katikati kwa kukaliwa, akaipeleka moja kwa moja kwa Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu aliipokea kwa mikono miwili. Alisema stuli ni nzuri, lakini utaratibu hauruhusu mtoto kukalia kitu cha nyumbani.

"Kila mzazi akileta chake, Mama Kifungo, wasio nacho watajisikiaje?"

"Wasio nacho ndio sisi, mwalimu."

Mwalimu Mkuu alikubali kwa kichwa, kwa huruma, akamshukuru kwa niaba ya shule kwa moyo wake wa kutoa. Stuli ikawekwa kwenye kona ya ofisi, juu yake ikakaa chupa ya maua ya plastiki. Mama alipotaka kuirudisha nyumbani aliambiwa kwamba mali ikishaingia getini ni ya shule, na kuitoa kunahitaji kikao cha kamati. Fadhila ya punda mateke. Tangu siku hiyo alishona akiwa amesimama, mguu mmoja chini na mwingine kwenye pedali, kama korongo.

Haikupita wiki, wakamjia wenyewe. Mwalimu Mkuu alikuja dukani kwake pamoja na mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mwuza saruji mwenye tumbo la mtu aliyeridhika na dunia. Hafla ya mchango ilikuwa imekaribia. Viti vya kukodi vingekuja vitupu, na wageni wenye uwezo hawawezi kukalishwa kwenye plastiki tupu, kwa hiyo vilihitaji kuvishwa vitambaa vyeupe na kufungwa utepe nyuma. Mgeni njoo, mwenyeji apone, mwenyekiti alisema. Pia walimwomba Kifungo akae jukwaani siku hiyo, hivyo hivyo anavyokaa darasani. Mkono mtupu haulambwi, na mgeni naye apewe cha kutazama kabla hajaingiza mkono mfukoni.

Mama Kifungo hakuuliza habari ya malipo. Aliuliza habari ya kiti.

"Kiti cha kwanza kitakachonunuliwa ni cha Kifungo," Mwalimu Mkuu alisema, na mwenyekiti akaweka mkono kifuani kuwa shahidi.

Basi akashona. Alishona akiwa wima, siku baada ya siku, kazi za wateja akazisogeza pembeni, uzi akanunua mwenyewe kwa sababu kamati ilisahau uzi. Alitia mikunjo pembeni na utepe wa bluu nyuma. Alivivisha vile viti vya plastiki nguo nzuri kuliko alizowahi kumvisha binti yake. Kila utepe alioukaza aliukaza kwa hasira, na kwa hiyo zilikuwa tepe zilizonyooka sana, na wazazi wenzake walizisifu.

Siku ya hafla walisimamisha turubai uwanjani na jukwaa la mbao mbele yake. Kifungo aliketi kando ya meza ya mgeni rasmi, sare yake imefuliwa, miguu imelingana. Mgeni rasmi, mwenye kiwanda cha magodoro, alipitisha fimbo yake chini ya mtoto, akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayekagua bidhaa. Aliuliza kama hewa hiyo inaweza kubeba watoto wawili. Mwalimu Mkuu akamjibu kwamba watajaribu.

Mama Kifungo alipangiwa kusimama juu ya jukwaa, pembeni, hatua chache kutoka kwa binti yake, pini ziko tayari, ikiwa utepe wowote utafunguka. Alikuwa miguuni tangu alfajiri, akibeba viti na kuvivisha. Viti vyote vilikuwa vimekaliwa, isipokuwa kimoja mstari wa mbele kilichokaliwa na mkoba wa mke wa mwenyekiti. Hotuba zilipofika katikati miguu ikamchoka, akaketi.

Hapakuwa na kitu chini yake. Mama mmoja wa darasa la pili, aliyekuwa amesimama karibu naye na sinia la glasi, alimtupia jicho akasema afadhali wewe umepata pa kukaa. Palikuwa pembamba na baridi kidogo, na akili ilibidi ikae palepale isibanduke. Mama Kifungo akaelewa jinsi siku za mtoto wake zinavyokwenda, akayumba kidogo, akajishika. Kwa muda akayaacha maneno ya hotuba yapite juu ya kichwa kama ndege wa watu wengine.

Wageni walitoa. Walitoa sana, na kila aliyetoa alitangazwa akapigiwa makofi, na Kifungo aliambiwa ageuke huku na huku akiwa amekaa vilevile ili waone pande zote. Kisha Mwalimu Mkuu akashika kipaza sauti aeleze fedha zinakwenda wapi. Alishukuru Mungu kwa kipaji kilichogunduliwa katika shule yake. Alisema shule nyingine zinahangaika na viti, viti vinavunjika, viti vinaibwa, wakati hapa Mwenyezi amekwisha fungua njia. Kwa hiyo mchango wa leo utajenga jukwaa la kudumu la wageni, lenye paa na mito ya kukalia, na mito hiyo itatoka kiwanda cha mgeni rasmi. Kuhusu watoto, samaki mkunje angali mbichi. Muhula ujao darasa la kwanza litaanza moja kwa moja bila viti, na Kifungo atakuwa akipita kuwaonyesha.

Mama Kifungo alijitahidi asisikie. Lakini alikuwa fundi, na fundi akionyeshwa upande wa nyuma wa nguo huona mshono wote. Kiti hakikuwa kimechelewa. Kiti hakikuwahi kuwapo. Kadiri mtoto alivyokaa vizuri ndivyo walivyokuwa na sababu ya kutomnunulia, na kila pazia, kila kibendera na kila kitambaa alichotoa yeye kiliwapunguzia wao cha kutoa. Wangeendelea kumwomba, naye angeendelea kuleta, na wangemshukuru kila mara. Alielewa yote kwa mara moja.

Akaanguka.

Mbao za jukwaa zilikuwa ngumu. Makofi yaliyokuwa yakilia yalikuwa ya hotuba ya Mwalimu Mkuu, iliyokuwa bado inaendelea, na mwenyekiti alikuwa amesimama anayaongoza. Kifungo hakugeuza mwili, maana angeshuka. Alisogeza macho tu mpaka yakamfikia mama yake pale chini.

"Mama," alinong'ona, "usisikilize. Hesabu kamba za turubai."

Mama Kifungo hakuinua macho kwenye turubai. Alibaki pale chini, kiuno kinamuuma, akasikiliza hotuba mpaka neno la mwisho.